Kampuni imeamriwa ifilisiwe kwa deni unalolibishia: jinsi ya kuomba ruhusa ya kukata rufaa Uingereza na Wales

Nianze na kalenda, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukua karatasi uandike tarehe ambayo jaji alitamka kwamba kampuni yako ifilisiwe. Sio tarehe iliyogongwa muhuri kwenye amri, sio siku ulipoipata kwa posta au imeili, ni siku ile ile alipotamka. Toka hapo una siku 21 za kupeleka notisi ya rufaa, na hizo ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Na kama njia inayokufaa sio rufaa bali ni kuiomba mahakama iliyotoa amri iitengue yenyewe, basi hata hizo 21 huna, una siku 5 za kazi, yaani wiki moja tu imeisha. Nimekaa na wakurugenzi waliokuja na kesi nzuri kabisa, invoisi zipo, picha zipo, mdai mwenyewe kaandika kwenye imeili kwamba mzigo ulikuwa na kasoro, ila wamekuja siku ya 40. Inauma sana kumwambia mtu hivyo.

Ninachoeleza hapa ni utaratibu wa Uingereza na Wales, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 1986 na Kanuni za Ufilisi za 2016. Uskoti na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao, usichukue siku za huku ukazihesabia kule.

Jaji aliulizwa nini hasa?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio roho ya jambo lote. Watu wengi wakishaamriwa kufilisiwa wanakaa usiku kucha wanaandika kurasa 30 za kuthibitisha kwamba hawadaiwi. Wanajibu swali ambalo halikuulizwa. Jaji wa ufilisi hakuulizwa kama unadaiwa au hudaiwi, aliulizwa kama deni lina ubishi wa kweli, unaoletwa kwa nia njema na wenye msingi wa maana. Ukishaonesha kwamba ubishi wa namna hiyo upo, kwa kawaida ombi la kufilisi linatakiwa litupwe, na huyo anayedai aende akafungue kesi ya kawaida ya madai, huko mashahidi watahojiwa na jaji ataamua nani anasema kweli. Sababu ni rahisi tu: sheria inampa haki ya kuomba ufilisi mtu ambaye ni mdai wa kampuni, sasa kama haijajulikana kama anadai basi haijajulikana pia kama ana haki ya kusimama pale na ombi lake. Kesi ya Mann v Goldstein ya mwaka 1968 inatajwa karibu kila mara kwenye hili, na mahakama zimeshasema mara nyingi kwamba ombi la kufilisi sio nyundo ya kumpigia mtu mpaka alipe deni lenye ubishi, ukilitumia hivyo unatumia mahakama vibaya.

Kwa hiyo rufaa yako haitakiwi kusema "sidaiwi". Inatakiwa kusema jaji aliamua kitu ambacho hakutakiwa kukiamua pale, au alinibebesha mzigo mkubwa kuliko sheria inavyotaka, yaani alitaka nithibitishe kesi yangu nzima wakati nilitakiwa kuonesha tu kwamba kuna jambo la kweli la kubishania.

Chukua mfano. Kampuni inafunga madirisha, imeagiza vioo vya pauni 84,000, vioo vimekuja vina mawimbi na vingine havitoshei fremu, kampuni ikaandika imeili tatu za kulalamika ndani ya wiki mbili na ikagoma kulipa. Muuzaji hajajibu hizo imeili, kaleta notisi ya kisheria ya kudai (barua rasmi inayokupa siku 21 za kulipa), siku hizo 21 zikapita, akafungua ombi la kufilisi. Kwenye shauri kampuni ikaleta imeili, picha na ripoti ya fundi, muuzaji akaleta maelezo ya meneja wake anayesema vioo vilitoka kiwandani vikiwa safi. Jaji akasoma karatasi zote mbili akasema "namwamini meneja", akatoa amri. Hapo una kitu mkononi. Jaji kamwamini shahidi mmoja dhidi ya mwingine kwa kusoma karatasi tu bila yeyote kuhojiwa, kaendesha kesi ndogo pale ambapo hakuna kesi inayotakiwa kuendeshwa.

Sasa geuza mfano. Kampuni hiyo hiyo ilipokea vioo, ikavifunga, ikalipwa na mteja wake, miezi minane haijalalamika hata kwa mstari mmoja, halafu siku chache kabla ya shauri mkurugenzi anasema kwa mara ya kwanza vioo vilikuwa vibovu, hana picha, hana imeili, hana fundi. Jaji akasema huu sio ubishi wa maana. Alikuwa sahihi, na hakuna maneno matamu yatakayobadilisha hilo kwenye rufaa. Nakuomba ujiulize kwa ukweli kabisa uko kwenye mfano upi kabla hujatumia hela ya mtu.

Kuna mambo mengine yanayofanana na ubishi ila sio ubishi, na mengine yanayokaribiana nao, ngoja niyapitie haraka.

Kama unabishia sehemu tu ya deni na ile sehemu usiyoibishia inazidi pauni 750, kwa kawaida hiyo inatosha mdai kuendelea na ombi lake, na jaji akitoa amri kwa msingi huo rufaa ni ngumu.

Kama deni limetokana na hukumu ya mahakama, mahakama ya ufilisi kwa kawaida haitafukua hukumu hiyo. Kama ilitolewa bila wewe kujibu kesi, inabidi urudi kwenye mahakama iliyoitoa uombe iondolewe, na ufanye hivyo sambamba na rufaa maana rufaa peke yake itaning'inia hewani. Kodi nayo ni hivyo hivyo, ukadiriaji wa kodi unapingwa kwenye baraza la rufaa za kodi, sio mbele ya jaji wa ufilisi.

Kama hubishii deni ila na wewe unamdai yeye, hayo ni madai kinzani, na kesi ya Re Bayoil ambayo Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1998 inasaidia sana: kama madai yako ni ya kweli, ya uzito, na yanafikia au kuzidi kiasi anachokudai, ombi linatakiwa kutupwa au kusimamishwa isipokuwa kuna mazingira ya pekee. Watu wanaisahau hii njia kabisa, wanang'ang'ana na ubishi dhaifu wakati wana madai kinzani yenye nguvu.

Kama mkataba wenu una kifungu cha usuluhishi, yaani mlikubaliana ubishi wenu uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, zamani ungeweza kusema tu "twende kwa msuluhishi" na ombi likasimama karibu moja kwa moja kufuatia kesi ya Salford Estates v Altomart ya 2014. Siku hizi hapana. Mwezi Juni 2024 Baraza la Privy (mahakama ya London inayosikiliza rufaa kutoka baadhi ya nchi na maeneo ya ng'ambo) katika Sian Participation v Halimeda lilisema kesi ile iliamuliwa kimakosa na likaelekeza mahakama za Uingereza ziufuate msimamo mpya: hata kama kuna kifungu cha usuluhishi bado unatakiwa uoneshe ubishi wa kweli wenye msingi. Ukiona mtu anakuandikia hoja za rufaa kwa kutegemea Salford peke yake, mwambie arudi akasome tena.

Na mwisho, "kampuni yetu ina hela" sio jibu la deni lisilobishiwa. Kwenye Cornhill Insurance v Improvement Services ya 1986 mahakama ilikubali kwamba hata kampuni tajiri ikikataa kulipa deni lisilo na ubishi, mdai ana haki ya kuichukulia kama haiwezi kulipa. Hela zako zina kazi kubwa sehemu nyingine, nitafika.

Rufaa au kutengua amri?

Ukitaka nikupe kipimo cha haraka: ulikuwepo mahakamani ukabisha ukashindwa, njia yako ni rufaa. Hukuwepo, au ushahidi wako haukufika, notisi ilitumwa anwani ya zamani ya ofisi iliyosajiliwa, mtu wa mapokezi aliweka bahasha kwenye droo, basi angalia kwanza kutengua. Kanuni ya 12.59 inairuhusu mahakama kupitia upya, kutengua au kubadilisha amri yake yenyewe, na huko unaweza kuleta mambo mapya kwa urahisi zaidi kuliko kwenye rufaa. Ila ni zile siku 5 za kazi, na ukichelewa lazima ueleze kwa nini.

Kitu kinachowashangaza watu ni kwamba maelekezo ya mahakama hayaipi kampuni peke yake nafasi ya kuomba kutengua. Ombi linatakiwa lije na mdai mwingine, au mwanahisa, au kampuni ikiwa pamoja na mmojawapo wa hao. Lazima liwe na maelezo ya ushahidi yanayoonesha mali na madeni ya kampuni, na hapa ndipo zile hela zako zinafanya kazi, onesha akaunti, onesha wadai wengine wanalipwa, onesha biashara inatembea. Ukishindwa, gharama kwa kawaida zinamwangukia huyo mdai au mwanahisa aliyejiunga, sio kampuni, kwa hiyo usimsainishe shemeji yako mwenye hisa mbili bila kumweleza hilo.

Hairuhusiwi kulala na siku 5 ukisema "nitakata rufaa hata hivyo". Kama huna uhakika njia ipi ni yako, ongea na wakili wa ufilisi siku ile ile ya amri au kesho yake asubuhi.

Nani anakata rufaa wakati kampuni sio yako tena?

Amri ikishatolewa mfilisi wa serikali anakuwa mfilisi wa kampuni mara moja na wakurugenzi wanapoteza mamlaka yao ya kuendesha. Basi watu wanadhani hawawezi tena kufanya chochote kwa jina la kampuni. Sio kweli. Toka kesi ya Re Diamond Fuel ya 1879 inakubalika kwamba wakurugenzi wanabaki na mamlaka kidogo, na mojawapo ni kumpa wakili kazi ya kuipinga amri ile ile iliyowaondoa. Inaeleweka, vinginevyo amri yenye makosa isingekuwa na wa kuipinga.

Ila mamlaka hayo hayaji na pochi ya kampuni. Ufilisi unahesabiwa umeanza siku ombi lilipofunguliwa mahakamani, na chini ya kifungu cha 127 malipo yoyote kutoka kwenye mali za kampuni baada ya hapo ni batili kama mahakama haijayaidhinisha. Kwa hiyo ada ya mahakama na hela ya wakili zitoke mfukoni kwa wakurugenzi, wanahisa au ndugu, na msijidanganye kuchomoa hata pauni 500 kwenye akaunti ya kampuni "tutarudisha". Mfilisi atazidai, na jaji wa rufaa ataziona.

Jiandae pia kwamba upande wa pili unaweza kuomba uweke dhamana ya gharama, kwa sababu wanashindana na kampuni ambayo imeshatamkwa haina uwezo, na mkishindwa wanaweza kuomba gharama zilipwe na mkurugenzi binafsi aliyekuwa anaisukuma rufaa. Mke au mume nyumbani ajue hili mapema, nasema kwa moyo kabisa, nimeona nyumba ikitikisika kwa sababu mtu alificha.

Omba ruhusa pale pale

Rufaa ya ufilisi sio haki ya moja kwa moja, unahitaji ruhusa, ama ya mahakama iliyotoa amri ama ya ile itakayosikiliza rufaa. Nafasi ya kwanza ni mahakamani siku ile ile. Jaji akishamaliza kutamka, wakili wako asimame aombe ruhusa, dakika mbili tu, ataje hoja moja au mbili. Mara nyingi jaji atakataa, na ni kawaida, hakuna jaji anayefurahi kuambiwa amekosea dakika hiyo hiyo. Bado omba, kwa sababu sababu zake za kukataa zinakuonesha wapi pa kupiga kwenye notisi yako.

Kama unahitaji muda wa kufikiria, usiondoke kimya kimya ukadhani utamwandikia jaji barua wiki ijayo. Kesi ya McDonald v Rose ya 2019 iliweka wazi: omba jaji aahirishe shauri rasmi kwa ajili ya ombi la ruhusa, vinginevyo akishatoka nje umepoteza nafasi ya kumwomba yeye, itabaki mahakama ya juu tu. Na ukipewa uahirisho omba pia aongeze muda wa kupeleka notisi, kwa sababu saa ya siku 21 haisimami yenyewe kukusubiri.

Notisi yenyewe

Fomu ni N161. Kama amri ilitolewa na jaji wa mahakama ya ufilisi na makampuni pale Rolls Building London, rufaa inakwenda kwa jaji wa Mahakama Kuu. Ikitoka mahakama ya kaunti kwa hakimu wa wilaya, nyingi nazo huishia kwa jaji wa Mahakama Kuu, ila angalia mahakama yako mahsusi kwenye Kanuni za 2016 kabla hujapeleka, maana kupeleka mahali pasipo kunakula siku. Na kama aliyetoa amri alikuwa jaji wa Mahakama Kuu mwenyewe, unakwenda Mahakama ya Rufaa.

Kwenye fomu unajaza maombi matatu kwa mpigo kama yanakuhusu: ruhusa ya kukata rufaa, kusimamisha utekelezaji wa amri, na kuongezewa muda kama umechelewa. Watu wanajaza la kwanza wanasahau la pili, halafu wanashangaa mfilisi anauza magari. Kuhusu muda, hamuwezi kukubaliana na mdai wako mkaongezeana, ni mahakama tu inaweza, na itapima uzito wa kuchelewa kwako, sababu yake, na mazingira yote kwa jinsi ilivyoelezwa kwenye kesi ya Denton ya 2014. "Nilikuwa natafuta wakili wa bei nafuu" ni sababu dhaifu.

Sababu za rufaa ziandikwe kwenye karatasi tofauti, fupi, zenye namba. Kipimo cha ruhusa ni kwamba rufaa ina nafasi ya kweli ya kushinda, au kuna sababu nyingine nzito ya kuisikiliza. Na rufaa yenyewe inashinda kwa mlango mmoja kati ya miwili: uamuzi ulikuwa na makosa, au haukuwa wa haki kwa sababu ya kasoro kubwa ya utaratibu. Kwa hiyo kila sababu unayoandika iwe inaingia kwenye mlango mmojawapo na iseme wazi ni upi.

Usiandike hivi: "Jaji alikosea kwa sababu hatudaiwi na ushahidi wetu ulikuwa mzuri." Andika kitu kama hiki: "Jaji alikosea kisheria aliposema kampuni imeshindwa kuthibitisha kwamba vioo vilikuwa na kasoro. Swali lililokuwa mbele yake ni kama kulikuwa na ubishi wa kweli wenye msingi kuhusu kasoro hizo. Imeili tatu za malalamiko zilizoandikwa miezi minne kabla ya ombi, pamoja na ripoti ya fundi, zilikuwa ubishi wa namna hiyo, na jaji hakuzitaja kabisa kwenye uamuzi wake." Unaona tofauti? Ya pili inaonyesha jaji aliuliza swali gani, alitakiwa kuuliza lipi, na ni karatasi ipi aliiruka. Sababu tatu za namna hiyo zinatosha, mbili ni bora, kumi na nne zinamwambia jaji kwamba huna hata moja.

Ndio maana unahitaji maneno ya jaji yenyewe. Agiza nakala ya uamuzi haraka, fomu ni EX107, na wakati unasubiri tumia notisi za mkono za wakili aliyekuwepo. Usisubiri nakala ndipo upeleke N161, peleka kwanza, utarekebisha baadaye kwa ruhusa ya mahakama.

Ushahidi mpya ni mtego. Rufaa ni mapitio ya uamuzi, sio kusikiliza upya, na mahakama haipokei ushahidi ambao haukuwa mbele ya jaji wa kwanza isipokuwa ikubali. Bado inaongozwa na Ladd v Marshall ya 1954: je, usingeweza kuupata kwa juhudi za kawaida kabla ya shauri, je, ungekuwa na uzito kwenye matokeo, je, unaaminika. Ripoti ya fundi ambayo ungeweza kuitafuta miezi mitatu iliyopita ukaacha haitapita kirahisi. Na kumbuka ushahidi wa kupinga ombi ulitakiwa uwe umefika mahakamani siku 5 za kazi kabla ya shauri, kwa hiyo kama anayesoma hapa bado ana ombi tu na hajapata amri, funga ukurasa huu nenda kaandike maelezo yako leo, na muulize wakili kuhusu kuomba zuio kabla ombi halijatangazwa kwenye gazeti rasmi, maana benki zikishaliona tangazo zinafunga akaunti na biashara inakufa kabla hata ya jaji.

Kusimamisha amri wakati unasubiri

Kupeleka rufaa hakusimamishi kitu. Mfilisi anaendelea, mikataba ya wafanyakazi kwa kawaida imekatika, kesi zote dhidi ya kampuni zimesimama mpaka mahakama iruhusu. Kwa hiyo ombi la kusimamisha ndilo linaloamua kama kutakuwa na kampuni ya kuirudishia uhai ukishinda. Jaji atapima madhara ya pande zote mbili, na anachokiogopa ni wadai wengine kuumia wakati wewe unahangaika na rufaa. Mwondolee hofu hiyo kwa vitendo: mtu wa nje, sio kampuni, aweke kiasi cha deni mahakamani au kwa mawakili chini ya ahadi ya maandishi, wadai wengine wakubwa waandike kwamba hawataki kampuni ifilisiwe, toa orodha ya mali na ukubali zisiguswe. Kama hali ni ya moto, mzigo unaharibika au kandarasi inavunjwa keshokutwa, sema hivyo kwenye barua ya kusindikiza na uombe isikilizwe haraka, usiache kwenye ukurasa wa 19.

Ongea na mfilisi pia. Ni mtumishi wa umma, hana ugomvi na wewe, mwandikie siku unayopeleka rufaa umwambie umepeleka nini na umwombe asiuze kitu mpaka ombi la kusimamisha lisikilizwe. Mara nyingine anakubali kusubiri kidogo. Na wakati huo huo mpe ushirikiano wote, ni wajibu wako wa kisheria, vitabu, neno la siri la mfumo wa hesabu, na taarifa ya mali na madeni akiitaka ndani ya siku 21. Mkurugenzi anayemkimbia mfilisi huku anaiomba mahakama imwamini anajiharibia mwenyewe.

Baada ya kupeleka

Notisi ikishapokelewa mpe mdai aliyeomba ufilisi nakala haraka, isizidi siku 7, na mfilisi pia. Kwenye Mahakama Kuu kabrasha la rufaa linatakiwa ndani ya siku 35 toka notisi ipokelewe: amri, uamuzi, ombi la kufilisi, maelezo ya ushahidi ya pande zote, na muhtasari wa hoja zako. Weka yaliyokuwa mbele ya jaji tu, na panga kwa namba za kurasa zinazosomeka, jaji anayehangaika kutafuta imeili yako ya malalamiko hatamkasirikia mdai, atakukasirikia wewe.

Kwa kawaida jaji anaamua ruhusa kwa kusoma karatasi. Akikataa, Mahakama Kuu inakupa siku 7 toka upewe taarifa kuomba isikilizwe kwa mdomo, isipokuwa akiandika kwamba ombi halina mashiko hata kidogo, hapo mlango umefungwa. Shauri la mdomo ni fupi, mara nyingi nusu saa, na linakwenda vizuri kwa mtu anayejibu zile sababu za kukataa moja kwa moja badala ya kurudia muhtasari. Ukikataliwa tena hapo, huwezi kukata rufaa dhidi ya kunyimwa ruhusa, Sheria ya Upatikanaji wa Haki (Access to Justice Act) ya 1999 imefunga hilo. Kinachobaki ni kuomba mahakama isimamishe ufilisi chini ya kifungu cha 147, njia ambayo mwanahisa au mdai anaweza kuitumia na inayokwenda vizuri pale madeni yote na gharama za mfilisi zinapolipwa au kuwekewa uhakika.

Ukipewa ruhusa, soma amri mstari kwa mstari siku hiyo hiyo. Mara nyingine ruhusa inatolewa kwa sababu moja kati ya tatu ulizoandika, mara nyingine ina masharti ya kuweka dhamana kabla ya tarehe fulani saa kumi jioni, na usipoitimiza rufaa inakufa yenyewe bila jaji kuitwa tena. Tuma nakala kwa mfilisi na kwa benki kabla hujafunga kompyuta.